Vali Inayovuja kwa Mbwa Mdogo: Eko ya Moyo Inapima Nini Hasa

Daktari ameweka stetoskopu kifuani mwa mbwa wako na kusikia mvumo: sauti ya "shuu" inayoziba nafasi kati ya "dup" na "tap" za moyo. Kwa mbwa mwenye uzito chini ya kilo 20 aliyevuka umri wa kati, sauti hiyo mara nyingi hutoka kwenye vali ya mitrali, ile iliyo kati ya atria ya kushoto (chumba cha juu kinachopokea damu) na ventrikali ya kushoto (chumba cha chini kinachoisukuma). Hakuna ugonjwa wa moyo unaowapata mbwa wengi kuliko huu wa vali kuvuja. Cavalier King Charles Spaniel huanza kuugua mapema kuliko wenzake, na Chihuahua, Dachshund, Maltese na Poodle wadogo nao wamo. Swali la kwanza la mwenye mbwa huwa ni moja: aanze dawa? Stetoskopu peke yake haiwezi kulijibu. Jibu limo katika upana wa vyumba vya moyo, na upana huo hupimwa kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo.

Kwa mbwa mwenye afya, majani ya vali ni membamba kama utando. Ugonjwa unapoingia, majani hunenepa na kuota vinundu kwenye kingo, kamba zinazoyashikilia hurefuka, na wakati mwingine kamba moja hukatika ghafla. Vali isipofunga sawasawa, kila ventrikali inapojikaza sehemu ya damu hurudi nyuma kwenye atria badala ya kwenda mbele kwenye aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Atria hupokea damu inayotoka mapafuni pamoja na hiyo iliyorudi, hivyo hutanuka. Ventrikali nayo hutanuka kwa sababu hujazwa kupita kiasi. Mbwa anaweza kukaa hivyo kwa miaka, akila na kucheza kama kawaida, na wengi hawafikii kabisa hatua ya moyo kushindwa kazi.

Mwongozo wa ACVIM, taasisi ya Marekani ya mabingwa wa tiba ya wanyama, uliotolewa 2009 na kuhuishwa 2019, unawagawa mbwa hawa kwa herufi. A ni mbwa wa aina inayoelekea kuugua, ambaye vali yake bado haina tatizo. B1 vali inavuja lakini moyo haujatanuka vya kutosha. B2 moyo umetanuka ingawa dalili hazijaonekana. C ameshawahi kujaa maji mapafuni, na D ni yule ambaye dozi za kawaida hazimtoshi tena. Mpaka wenye umuhimu mkubwa ni ule wa B1 na B2. Utafiti wa EPIC uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa dawa ya moyo iitwayo pimobendani ikianzishwa kwenye B2 huahirisha kushindwa kwa moyo kwa takriban miezi 15. Kwenye B1 hakuna dawa inayopendekezwa. Kumpa mbwa wa B1 vidonge kila baada ya saa 12 "kwa tahadhari" ni kumtwika mzigo usio na faida iliyothibitishwa, na kumnyima yule wa B2 ni kumpotezea muda ambao angeupata.

Ili mbwa aingie B2, ukubwa wa sauti ya mvumo uwe angalau daraja la 3 kati ya 6, na eko itoe namba mbili: upana wa atria ya kushoto ufike mara 1.6 ya upana wa aota, na upana wa ventrikali ya kushoto ikiwa imejaa, baada ya kurekebishwa kwa uzito wa mwili, ufike 1.7.

Kipimo chenyewe hakiumi. Tunanyoa kiraka kidogo cha manyoya pande zote mbili za kifua, nyuma tu ya kiwiko, kwa sababu hewa iliyonaswa kwenye manyoya huizuia picha. Mbwa hulazwa ubavu wa kulia juu ya meza yenye tundu, na probu, kifaa cha kupigia picha, hupitishwa kwenye tundu hilo kutokea chini na kugusishwa kifuani. Kwa mkao huo moyo hushuka karibu na ukuta wa kifua na pafu husogea pembeni. Klipu za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hubanwa miguuni ili kila picha ijulikane ni ya wakati gani katika mpigo. Baada ya picha za upande wa kulia, mbwa hugeuzwa ubavu wa kushoto kwa vipimo vya Dopla, vinavyoonyesha mwendo wa damu. Jipangie dakika 30 hadi 45. Wengi hutulia wakishikwa kwa upole, na kama mwenyewe ukiwepo karibu na kichwa chake ndiyo vizuri zaidi. Anayehangaika hupewa butofanoli kidogo, dawa ya kutuliza. Medetomidini, dawa nyingine ya kutuliza, tunaiepuka kwa kipimo hiki, kwani hupunguza sana mapigo na kubadilisha namba tunazozitafuta.

Namba ya atria ndiyo inayoharibika kirahisi. Tunakata picha ya mkingamo kwenye kitako cha moyo mpaka aota ionekane kama duara lenye majani matatu, tunarudi kwenye fremu ya kwanza baada ya vali ya aota kufunga, kisha tunachora mstari wa aota kwa kufuata mshono wa majani yake na kuuendeleza katika mwelekeo uleule kuikata atria hadi ukuta wa mbali. Hapo hapo ndipo mshipa wa mapafu unapofungukia. Mpimaji akiuvuka mlango wa mshipa, anapima atria pamoja na bomba. Chukua mbwa mwenye aota ya sentimita 1.2 na atria ya 1.85: uwiano ni 1.54, yaani B1. Ukiongeza milimita 2 za mshipa, unapata 1.71, na mbwa ameingizwa kwenye dawa ya maisha kwa kosa la kalamu. Aota ikikatwa mshazari inakuwa yai badala ya duara, na namba inaharibika vilevile. Kwa hiyo tunapima mapigo yasiyopungua 3 na kuchukua wastani.

Kwa ventrikali, upana wa sentimita hugawanywa kwa uzito wa kilo uliopandishwa kwa kipeo cha 0.294. Kwa mbwa wa kilo 5 mpaka ni takriban sentimita 2.7, kwa wa kilo 8 ni 3.1. Mtego hapa ni unene. Mbwa wa kilo 8 ambaye umbo lake lingestahili kilo 6, akiwa na ventrikali ya sentimita 3.0, anatoa 1.63 kwa uzito wa mizani na 1.77 kwa uzito unaomstahili. Moyo haukui kwa sababu ya mafuta ya tumboni. Ndiyo maana tunampima uzito siku ileile na kuandika pia hali ya mwili wake.

Dopla ya rangi huwatisha wateja wengi, kwani atria nzima huwaka rangi mchanganyiko. Usiipime hali ya mbwa kwa ukubwa wa rangi hiyo. Hubadilika kwa mpangilio wa mashine na shinikizo la damu la siku hiyo. Kinachotusaidia zaidi ni kasi. Damu inayoingia ventrikali mwanzoni mwa kujaa ikizidi mita 1.2 kwa sekunde, tunashuku shinikizo limepanda kwenye atria. Damu inayorudi kupitia vali ya upande wa kulia ikienda mita 3.5 kwa sekunde, tunazidisha kasi hiyo kwa yenyewe kisha kwa 4: tofauti ya shinikizo ni milimita 49 za zebaki, na hapo tunashuku presha ya mishipa ya mapafu. Nguvu ya mpigo nayo hudanganya. Ventrikali inayovuja huonekana ikijikaza kwa bidii kwa sababu sehemu ya damu inatoroka kwa njia rahisi, si kwa sababu misuli ni imara.

Kuna jambo ambalo eko haioni vizuri: maji ndani ya mapafu. Mbwa anayehema kwa shida anahitaji eksirei ya kifua, na huyo hatumlazi ubavu mpaka apate oksijeni na kutulia. Kikohozi pia si ushahidi wa maji. Mbwa wadogo wengi hukohoa kwa sababu ya koromeo la hewa linalobonyea, huku vali ikivuja pembeni bila kuhusika.

Nyumbani, hesabu pumzi akiwa usingizini: kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa kawaida huwa chini ya 30 kwa dakika. Zikivuka 30 usiku baada ya usiku, tupigie bila kungoja tarehe ya miadi. Fizi zikiwa za bluu au akikataa kulala huku anahema, mlete papo hapo.

Siku ya eko hana haja ya kufunga kula, isipokuwa tumekwambia atapewa dawa ya kutuliza. Kama anatumia furosemidi, usimkatishie. Tuambie dozi na saa aliyopewa mara ya mwisho, kwani dawa hiyo hupunguza maji mwilini na kuipunguza atria upana. Mbwa wa B1 hurudiwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Njoo na ripoti ya awali yenye namba na uzito wa siku ile, maana maneno "moyo umetanuka kidogo" hayawezi kulinganishwa na kitu.