Kwa Zuhura, kuhusu Anne na wanaomgombania

Tanga,
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Sisi huku hatujambo, mama anakusalimu na anauliza lini utakuja.

Umeniuliza niko upande gani kwenye ugomvi wa Anne with an E, ile tamthilia ya runinga ya Kanada iliyotokana na kitabu Anne of Green Gables, maana hapo kwenu waliosoma kitabu wameisusa na wadogo zako wanaililia kila usiku. Nimeimaliza yote, misimu mitatu, sehemu 27, kwa hiyo ninao mdomo wa kusemea. Wanaolalamika kwamba tamthilia imetiwa giza siko nao. Kinachoniuma mimi ni Matthew, yule mzee anayemlea Anne yatima pamoja na dada yake Marilla, na nitakufikisha huko.

Kwanza hilo giza. Waliokulia ile tamthilia ya 1985, aliyoigiza Megan Follows, wanakijua Kisiwa cha Prince Edward, huko Kanada hadithi inakotokea, kama picha ya kalenda: miti imechanua, njia nyekundu, watu wema. Leo wakimwona Anne anaganda kila anapokumbuka alivyokuwa akipigwa, wanasema haya hayakuwemo kitabuni. Yalikuwemo! L. M. Montgomery alikitoa kitabu mwaka 1908, na humo Anne mwenyewe anamsimulia Marilla: nyumba ya kwanza aliyolelewa baba alikuwa mlevi, nyumba ya pili kulikuwa na mapacha jozi tatu wa kubeba, na yeye mbebaji bado mtoto. Anayasema mbiombio, Marilla anayaelewa hata yale yasiyosemwa, kisha hadithi inaendelea na safari yake. Moira Walley-Beckett, mtunzi wa tamthilia hii, ambaye alikuwa kati ya waandishi wa tamthilia ya uhalifu Breaking Bad, aliamua kuyasimamisha na kuyatazama. Sioni kosa lake. Mtoto wa kituo cha yatima anayeletwa kwa bahati mbaya, watu walitaka mvulana wa kusaidia shamba, unadhani alikuwa ametokea wapi?

Wapo pia wanaosema yule binti anayemwigiza Anne, Amybeth McNulty, anachosha kwa maneno mengi. Sasa walitaka Anne bubu?

Nawakubalia jambo moja tu, la bruchi, lile pambo la kubandika kwenye nguo. Kitabuni bruchi ya Marilla ikipotea, Anne anatishiwa kunyimwa mandari, basi. Kwenye tamthilia Marilla anamfukuza, anarudishwa alikotoka, na Matthew anamfuata mbio kwa farasi. Marilla ninayemjua mimi ni mkali, lakini hafiki huko. Ila Geraldine James anayemwigiza, jinsi anavyokaa jikoni na ile bruchi mkononi baada ya kuigundua, nilimsamehe mwandishi nusu ya dhambi.

Haya, Matthew. Unakumbuka kitabuni anavyokwenda dukani kumnunulia Anne gauni lenye mikono iliyofura? Anakuta muuzaji ni mwanamke, ulimi unamkauka, anaondoka na reki ya bustani na ratili 20 za sukari ambayo Marilla wala haipendi. Ndiye Matthew mzima huyo: mzee asiyeweza kuongea na mwanamke, ambaye kwa ajili ya mtoto anajaribu hivyohivyo. Tamthilia ikampeleka kwa fundi cherehani aliyewahi kusoma naye, wakatazamana kwa mapenzi ya zamani. Wadogo zako wataniambia ni tamu. Ni tamu, ndiyo, lakini ni ya mtu mwingine.

Kubwa zaidi ni kwamba hafi. Kitabuni anasoma gazeti kwamba benki yenye akiba yao yote imeanguka, anadondoka palepale mlangoni, Anne anaingia mikono imejaa maua meupe. Halafu Anne, aliyekwisha kushinda nafasi ya kwenda chuo kikuu, anaiacha ili abaki na Marilla ambaye macho yanakwisha. Kukua kwake ni huko. Tamthilia ilichukua fedha kupotea, ikachukua benki, hata ikamfikisha Matthew kwenye bunduki katika msimu wa kwanza, kisha ikamwacha hai mpaka mwisho. Anne anaondoka kwenda kusoma, Gilbert, mvulana waliyesoma naye, anamwahi, wanabusiana, watazamaji wanashangilia. Kwa hiyo anakua kwa kuondoka, na hakuna alichokiacha. Watu wanaogombana kuhusu giza hili hawaligusi, na mimi naona ndipo tamthilia ilipoogopa. Iliweza kutuonyesha mtoto anachapwa, ikashindwa kutuonyesha mzee anakufa na msichana anabadili mipango yake.

Bash lakini nampenda, nasema mapema usije ukanishambulia. Mtu wa Trinidad, mchochea makaa melini, anakuja kulima shamba moja na Gilbert. Kitabuni hayumo, na wengi wamepiga kelele kwamba ni nyongeza ya siku hizi. Charlottetown, mji mkuu wa kisiwa, kulikuwa na mtaa wa watu weusi kweli, ukiitwa the Bog, enzi hizohizo. Ni vile tu Montgomery hakuuandika. Dalmar Abuzeid anamcheza Bash kwa kicheko chenye uchovu ndani yake. Akiwa na Marilla mezani, nilirudia kutazama.

Ka'kwet ndiye wa kuwalaumia watunzi. Msichana wa Wamikmaq, wenyeji wa asili wa huko, rafiki wa Anne, anachukuliwa shule ya bweni ambako wanamkata nywele na kumkataza lugha yake. Wajuzi wa historia watakwambia ile ya Shubenacadie, kule Nova Scotia, ilifunguliwa 1930, miaka mingi baada ya hadithi hii. Sawa, ila sehemu nyingine za Kanada shule za namna hiyo zilikuwepo tayari. Mimi hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba anatoroka, anarudishwa, wazazi wanakaa nje ya uzio wakimsubiri, halafu tamthilia inakwisha naye yumo ndani. Ilikatishwa Novemba 2019, mashabiki wakafanya kampeni, wakalipia mabango mpaka New York, haikurudi. Kumbe walijua nafasi ya busu ni lazima, ya mtoto huyu ikasubiri msimu wa nne.

Ukimwonyesha shangazi, usianzie hii, anzia ile ya 1985. Ya sasa mrukishe sehemu ya bunduki, presha yake unaijua. Na wewe ukifika kwa Mary, mke wa Bash, nipigie kabla hujalala.

Wasalimie wote,
Mwanahamisi