Je, Tumwamini Mungu kwa Ajili ya Furaha? Barua kwa Rafiki

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Barua yako niliipokea, nami niliisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu, kwa sababu jambo uliloniuliza si la kujibiwa kwa haraka wala kwa maneno ya kufarijiana tu. Umeniandikia kwamba umechoka kusali bila kuhisi lolote, kwamba wenzako walioiacha imani wanaonekana kuishi kwa amani kukuzidi wewe unayejinyima, na kwamba sasa unaona huna budi kuchagua moja: ama uishi kwa ajili ya furaha yako, ama uishi kwa ajili ya Mungu. Nakushukuru kwa kuniamini kiasi cha kunieleza haya.

Niruhusu nianze na lile ninaloliona kuwa kiini. Katika kurasa zote ulizoniandikia, hujasema popote kwamba Mungu hayupo. Ulichosema ni kwamba kumwamini hakukupi furaha. Hayo ni mambo mawili, na nakusihi usiyachanganye. Kama Mungu yupo, basi yupo hata siku ambayo moyo wangu ni mkavu. Na kama hayupo, furaha yote ninayoipata katika ibada haiwezi kumfanya awepo. Mtu anayeamini kwa kuwa imani inampendeza, na mtu anayeiacha imani kwa kuwa imeacha kumpendeza, wote wawili wameifanya nafsi yao kuwa hakimu. Ndiyo maana siwezi kukushawishi ubaki katika imani kwa kukuahidi kwamba utafurahi, ingawa najua wapo wahubiri wengi wanaofanya hivyo kila siku. Ahadi hiyo ikivunjika, na mara nyingi huvunjika, huondoka na imani yenyewe.

Kitabu cha Ayubu kinaanza na swali hilihili. Shetani habishi kwamba Ayubu ni mtu mcha Mungu. Anachouliza ni kama Ayubu anamcha Mungu bure. Amezungushiwa ulinzi pande zote, kazi za mikono yake zimebarikiwa, mifugo yake imejaa nchi. Mwondolee hayo, asema Shetani, uone kama hatakulaani waziwazi. Kila ninapofika hapo nahisi kwamba swali hilo ninaulizwa mimi. Je, ningeendelea kusali kama nisingepata chochote, hata ule utulivu mdogo unaonijia baada ya sala?

Wengi wetu hukimbilia sura ya 42, ambako Ayubu anarudishiwa mali yake maradufu, tukafundisha kana kwamba hiyo ndiyo maana ya kitabu kizima. Lakini soma tena sura hiyo polepole. Maneno yale ya Ayubu kwamba zamani alisikia tu habari za Mungu kwa masikio, bali sasa jicho lake linamwona, hayakutamkwa baada ya kondoo na ngamia kurudi. Yalitamkwa angali katika mavumbi na majivu, wanawe wakiwa wamekufa na mwili wake ukiwa umejaa majipu, na bila ya kuelezwa kamwe kwa nini aliteseka. Na jambo jingine ambalo hatulisemi vya kutosha: katika kitabu kile Ayubu analalamika, anaudhika, anadai Mungu amjibu, ilhali rafiki zake wanamtetea Mungu kwa hoja nzuri zilizopangika, kisha mwishoni Mungu anawakasirikia wale watetezi, na kusema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Kwa hiyo usidhani kwamba malalamiko yako yamekutoa nje ya imani. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye.

Sasa nije upande wa pili, kwa maana nawe una haki ya kuuliza kama kuifuata furaha kwenyewe kunaleta furaha. Mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, hakulelewa katika dini yoyote, na tangu ujanani aliamini kwamba lengo la matendo ya binadamu ni furaha. Mwaka 1826, akiwa na umri wa miaka 20, alijiuliza: kama mageuzi yote anayoyatamani duniani yangetimia saa hii hii, je, angefurahi? Nafsi yake ikamjibu kwamba la, naye akatumbukia katika huzuni nzito. Baadaye hakuiacha ile imani yake juu ya furaha, lakini alikiri kwamba wanaoipata ni wale walioelekeza macho yao kwenye kitu kingine kisichokuwa furaha yao wenyewe. Nimemtaja huyu makusudi kwa sababu hana upande wa dini wa kuutetea.

Hata hivyo, nisingependa udhani kwamba anayesema anaishi kwa ajili ya Mungu amekwisha kuepukana na nafsi yake. Wewe na mimi si Waislamu, lakini katika jambo hili sijaona mtu aliyejichunguza kwa ukweli kuliko Imam Al-Ghazali. Alikuwa mwalimu katika madrasa ya Nidhamiya huko Baghdad, cheo kikubwa kabisa kwa mwanazuoni wa zama zake, na wanafunzi wake walikuwa mamia. Alipoipima nia yake akaona kwamba mafundisho yake hayakuwa kwa ajili ya Mungu bali kwa ajili ya sifa na heshima. Kwa miezi kadhaa alivutwa huku na huku, leo akiazimia kuondoka, kesho akiahirisha, mpaka ulimi wake ukafungwa akashindwa kufundisha, na chakula kikamkataa. Waganga wakasema ugonjwa umetoka moyoni. Mwaka 1095 akaacha cheo, akagawa mali yake akibakiza ya kutosha watoto wake, akaondoka kuelekea Sham, yaani upande wa Syria ya leo. Tazama basi: mtu yule alikuwa ndani ya kazi ya dini mchana kutwa, na bado alikuwa akiishi kwa ajili yake mwenyewe. Mpaka kati ya mambo yale mawili uliyoniandikia haupiti pale ulipouchora, kati ya walio ndani ya nyumba ya ibada na walio nje. Unapita katikati ya moyo wa kila mmoja wetu.

Nitakueleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Shangazi yangu alimuuguza mume wake aliyepooza upande mmoja. Usiku aliamka kumgeuza ubavu ili ngozi isichubuke, akimshika chini ya bega na chini ya goti, akimwambia kila mara kabla ya kumgusa, "Sasa tunageuka." Asubuhi alimlisha uji kwa kijiko, akingoja ameze kabla ya kumpa mwingine. Nilimuuliza siku moja kama ana furaha. Alinyamaza, kisha akasema kwamba hajapata nafasi ya kulifikiria hilo, lakini hataki kuwa mahali pengine. Mimi sijui kama hali ile tuiite furaha au imani. Najua tu kwamba hakuwa amekaa akipima kipi kati ya hivyo viwili akichague.

Haya yote usiyachukue kuwa ni wito wa kuukumbatia uchungu. Wapo watu wanaofundisha kwamba Mungu hupendezwa na nyuso zilizokunjamana, na wapo wanaolitumia jina lake kumfunga mtu katika mateso ambayo angepaswa kuyakimbia, wakiyaita msalaba wake. Hao usiwasikilize. Kama kujinyima unakokutaja kunatokana na hofu ya watu na macho yao, kuacha si dhambi. Kucheka, kupenda, kupumzika, kufurahia kazi iliyokamilika vizuri, yote ni mema, na simwoni Mungu akiyaonea wivu. Ninachokataa ni kuyapa kiti cha enzi, kwa sababu hayawezi kukikalia: siku ya msiba huondoka kwanza.

Kuhusu ukavu wa sala zako, ambao nadhani ndio unaokuumiza zaidi ya hoja zote, sina dawa. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa karibu miaka 50 aliishi katika giza la rohoni, akiomba bila kuhisi kwamba yupo anayemsikia, huku akiendelea kila siku kuwaokota wanaokufa njiani. Wengine waliposoma walisema alikuwa mnafiki. Mimi naona kinyume chake: kama kuna mtu aliyelijibu lile swali la Shetani juu ya Ayubu, ni yeye, kwa kuwa alimtumikia Mungu pasipo kulipwa hata ile faraja ambayo sisi tunaiona kuwa haki yetu.

Mimi nimechagua kuishi kwa ajili ya Mungu kwa sababu nasadiki kwamba yupo na kwamba mimi ni wake; furaha ikija naipokea kwa shukrani, isipokuja siifanyi kuwa ushahidi dhidi yake. Lakini uchaguzi wangu hauwezi kuwa wako, wala sitaki ubaki kwa kunihurumia mimi. Ninachokuomba ni kwamba, kabla hujaamua, unijibu kwa ukweli jambo ambalo barua yako haikuligusa: je, umeacha kusadiki kwamba Mungu yupo, au umechoka tu kumngoja? Ikiwa ni la kwanza, niandikie hoja zako zote nami nitazisoma bila kukukemea. Ikiwa ni la pili, niambie ni saa ngapi huwa unasali, ili nami niwe nikisali saa hiyohiyo, hata kama sote wawili hatutahisi kitu.

Wasalimie wote walio nyumbani.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.