Mtoto aliyegongwa kichwa uwanjani msimwite wa malaria

Mhariri,

Nauza dawa hapa Sofia, Busia ya upande wa Uganda, huu mwaka wa 11. Mwezi wa sita nilimtibu mtoto wa dada yangu malaria ambayo hakuwa nayo, kumbe ulikuwa mtikisiko wa ubongo. Aibu bado ninayo, ila kila msimu wa mechi za shule ukifika wauza dawa wengi tunarudia kosa hilo hilo, kwa hiyo acha niseme.

Kijana ana miaka 15, ni kipa. Jumamosi hiyo alitoka golini kuufuata mpira wa kona, goti la mshambuliaji likampata juu ya sikio. Hakuzirai. Alikaa chini, akamwagiwa maji kichwani, akainuka, na uwanja mzima ukampigia makofi: huyo ndiye mwanamume! Mimi pia nilipiga. Baada ya hapo akapiga golikiki moja kwa moja miguuni mwa wapinzani. Akamwuliza beki wake matokeo ni ngapi, akajibiwa, akauliza tena, na tena. Watu wakacheka. Jirani yangu akasema pale golini kumefukiwa kitu.

Usiku akalalamika kichwa kinamgonga, akatapika mara moja. Kwa mwuza dawa wa Busia, kichwa na kutapika vina jina moja tu. Nikamtoboa kidole, kipimo kikasema hakuna malaria, mimi nikasema imejificha, nikampa dawa mseto ya siku 3. Juu yake nikaongeza diklofenaki ya maumivu, na hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Dawa za jamii hiyo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, hazifai kwa mtu aliyetoka kugongwa kichwa, maana kama kuna mshipa unaovuja ndani zinaweza kuzidisha damu. Panadol ingetosha. Na hata kipimo kingesema malaria ipo, bado nisingekuwa na haki ya kutulia. Huku mashariki mtoto anaweza kuwa na vijidudu kwenye damu na asiumwe chochote. Mistari miwili ya kipimo haifuti goti lililompiga.

Jumatatu darasani mwanga ulimwumiza macho na maandishi ya ubaoni yakamchezea. Akaonekana mvivu, akaadhibiwa. Alhamisi mazoezini akapiga mpira kwa kichwa, akayumba kama aliyelewa waragi. Ndipo tukauza mbuzi wawili tukampeleka hospitali kubwa. Pale mapokezi nikaandikisha kwa mdomo wangu mwenyewe: "Malaria isiyosikia dawa." Kwa sababu ya kule kuyumba akapigwa picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, ikatoka safi. Nikafurahi, nikaanza kujifunga kitenge turudi nyumbani. Daktari, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, akaniambia, "Mama, kaa kwanza. Picha haijamaliza kazi."

Akamgeukia kijana. Wiki iliyopita mlicheza wapi? Nani alifunga bao la mwisho? Mechi ya kabla ya hiyo mlishinda? Akamtajia maneno 10, akamwambia ayarudishe, na baadaye kidogo akamwuliza tena. Akamtaka ataje miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi nyuma. Mtoto huyu hushika kichwani namba za hesabu kwenye meza ya biashara ya baba yake, lakini alipofika Oktoba akakwama. Akasimamishwa, mguu mmoja mbele ya mwingine, macho amefumba, akaanguka upande. Ni hapo tu, daktari alipouliza kama kuna mahali alipojigonga, ndipo Jumamosi ilipotajwa hospitalini kwa mara ya kwanza.

Alitueleza kwamba CT inatafuta damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo hauachi alama hiyo. Ubongo husukwasukwa ndani ya fuvu, seli zake zikavurugika katika kazi bila kitu kupasuka, kwa hiyo picha huwa safi na mgonjwa ni mgonjwa. Hugunduliwa kwa kumwuliza mtoto, kumtazama, na kuwasikiliza waliokuwa uwanjani. Na wengi hawazirai kabisa, wanaozirai hawafiki hata mmoja kati ya 10. Sisi miaka yote tunangoja mtoto azirai ndipo tushtuke! Dalili nyingine huchelewa mpaka kesho yake au keshokutwa: kusahau, hasira isiyo na sababu, usingizi kubadilika, kelele kumchosha.

Tiba ilikuwa nyepesi kwa kutaja. Siku 2 za kutulia, simu mbali naye, kisha matembezi mepesi, kwani kumfungia mtoto gizani wiki nzima siku hizi hakushauriwi. Na ile imani ya kumzuia asilale usiku kucha daktari aliikataa: alale, ila saa 24 za kwanza asiachwe peke yake. Darasa litangulie mpira. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa michezo isiyo ya kulipwa unasema asicheze mechi kabla ya siku 21, na awe amekaa siku 14 bila dalili ndipo arudi kwenye mazoezi ya kugusana. Dada yangu aliona siku hizo ni nyingi mno, mpaka alipoelezwa habari za Benjamin Robinson, mtoto wa miaka 14 wa Ireland Kaskazini. Januari 2011 aligongwa kichwa katika mechi ya raga ya shule, akaachwa aendelee, akagongwa tena, akaanguka, hakuamka. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ni nadra kuua, lakini likiua, mara nyingi ni vijana.

Sasa ombi langu. Waandaaji wa mechi za shule waikubali nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji aliyegongwa kichwa. Sheria za soka zinairuhusu tangu Julai 2024, na kocha akiwa nayo hatamng'ang'ania kipa mwenye kizunguzungu. La pili ni rahisi zaidi: karatasi. Mwalimu wa michezo aandike saa ngapi, aligongwa na nini, alifanya nini baadaye, kisha mtoto aibebe mpaka bwenini, nyumbani, na kwa mwuza dawa kama mimi. Jumamosi ile watu wazima zaidi ya 100 tuliliona goti, na hakuna aliyelifikisha kwa daktari. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi, akipata degedege, akiona vitu viwili, shingo ikimwuma au akiwa haamshiki vizuri, basi hata karatasi isingojwe. Aende hospitali, dukani kwangu asipitie.

Kijana alirudi golini wiki ya 5. Mimi siku hizi nakwenda uwanjani na daftari na kalamu, na wapo wanaonicheka. Jumamosi iliyopita niliandika karatasi 2. Moja ilirudi jioni dukani na mwenyewe, imelowa jasho, ameikunja ndani ya soksi.

Mama wa Duka la Dawa,
Sofia, Busia, Uganda