Mwanangu, ile hesabu ya tano

Asalam alaykum mwanangu. Sie huku Wete sote wazima alhamdulillahi, bibi'ako anakuulizia kila siku.

Picha ya mtihani nimeiona, hesabu ya tano mwalimu kakukata na kakukata haki. Mistari miwili imekatana, pembe moja 3x + 10, inayoitazama 5x − 30, wewe ukazijumlisha ukaandika 180, ukapata x ni 25. Hebu irudishe hiyo 25 uone, huku 85 kule 95, na zinazotazamana lazima ziwe sawa, hapohapo ungejishtukia. Za kutimiza 180 ni zile zilizopakana kwenye mstari mmoja.

Sasa usikariri tu. Mie saa hizi natengeneza marfaa ya bibi'ako, mbao mbili zimekatana, juu anaweka msahafu, chini ndo miguu. Ichukue pembe ya juu na jirani yake wa ubavuni, jumla 180 mana zimeegemea ubao mmoja ulonyooka. Jirani huyohuyo mjumlishe na pembe ya chini, 180 tena, ubao wa pili huo. Jirani mmoja, jumla moja, basi juu na chini zitatofautiana wapi? Mgiriki Euclid kaliandika hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwenye Elements yake, kitabu cha kwanza, namba 15, na hoja yake ndo hiihii.

Kwa hiyo 3x + 10 = 5x − 30, 40 = 2x, x = 20. Usiweke kalamu chini! Suali limeuliza pembe si x, rudisha 20 mahala pake, 70 huku na 70 kule, za ubavuni 110 kila moja, zote nne 360.

Lakini mistari iwe imenyooka kweli. Mwezi uliopita nlichonga marfaa ya mfenesi, ubao haujakauka sawasawa ukapinda, napima juu 80 chini 76, nikailaumu protrakta yako weee, kumbe ubao.

Irudie hiyo ya tano na ile ya saba uliyoiwacha wazi, unirushie picha. Protrakta uliisahau huku, ntakupelekea na mtu wa boti ya Alkhamis, ina rangi ya gundi kidogo, nisamehe.

Baba'ako