Mkaguzi wa msimbo asipimwe kwa kasi

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu waandishi wa programu ilipendekeza mkaguzi wa msimbo apimwe kwa idadi ya viraka (mabadiliko ya msimbo yanayoletwa ili yaongezwe kwenye programu) anavyopitisha kwa siku. Mimi hujitolea kukagua viraka vya kihariri kimoja cha maandishi (kihariri, ndugu yako asiye na mshahara), hasa sehemu inayokiunganisha na mifumo ya kudhibiti matoleo, inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, kama Git. Kwa kipimo chenu, siku niliyoboronga kuliko zote ningepewa tuzo.

Siku hiyo kililetwa kiraka cha mistari 11. Kihariri chetu huweka herufi ndogo chini ya dirisha kukujulisha kama faili uliyoifungua imebadilika tangu ilipoingizwa mara ya mwisho kwenye historia ya mradi. Herufi hiyo ilikuwa ikichelewa kubadilika, basi mwandishi wa kiraka akaamua kihariri kiiulize Git kila baada ya sekunde mbili kwa amri ya `git status`. Nikasoma mistari ya kijani iliyoongezwa, nikasoma ile myekundu iliyoondolewa, nikajaribu mara moja, herufi ikabadilika papo hapo. Nikapitisha. Hata dakika kumi hazikuisha.

Malalamiko yakaanza baada ya kiraka kuwafikia watumiaji. Mtu yuko kwenye teminali, dirisha la kuandikia amri, anaingiza mabadiliko yake, Git inamkatalia: ipo faili ya kufuli, `index.lock`, maana yake kuna mwingine anayeandika. Anatafuta, hakuna mwingine. Anarudia amri ileile, inakubali. Hakuna kosa linalochosha kama hili la kuja na kuondoka, kwa kuwa kila ukienda kulitazama hulikuti. Nilikaa nalo siku tatu.

Kumbe `git status`, ambayo wengi wetu tunaichukulia kuwa amri ya kutazama tu, nayo huandika. Ikishalinganisha faili, husasisha faharasa ya Git, orodha ya faili inazozifuatilia, ili safari ijayo iwe nyepesi, na kabla ya kuandika humo hutia kufuli. Ukiipiga mwenyewe mara mojamoja huoni shida. Kihariri kikiipiga kila sekunde mbili bila wewe kujua, lazima siku moja mgongane mlangoni. Dawa ipo tangu toleo la 2.15 la mwaka 2017, chaguo la `--no-optional-locks`, linaloiambia Git iache uandishi usio wa lazima. Kiraka kilikosa chaguo hilo moja tu. Simlaumu aliyekiandika, mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha ukaguzi, nikakagua kilichoandikwa na kusahau kujiuliza ni nini hakikuandikwa.

Tangu hapo nina folda ya majaribio inayofanya niitwe mchawi. Inaitwa `ng'ombe wawili`, kwa makusudi: ina nafasi katikati, na ile alama ya ng' huvunja amri yoyote iliyounganishwa kizembe kabla ya kupewa teminali. Ndani yake kuna faili yenye jina la herufi za Kiarabu, kwa sababu Git, usipoiambia vingine, huyaandika majina kama hayo kwa tarakimu na mikwaju, na kihariri kisichotumia chaguo la `-z`, linaloyaacha majina yalivyo, hukuambia faili haipo wakati unaiona. Kuna pia mti wa pili wa kazi, yaani folda nyingine ya kufanyia kazi hazina ileile (mradi pamoja na historia yake), jambo lililoingia Git 2.5 mwaka 2015. Humo `.git` si folda, ni faili ya kawaida. Viraka vinavyouliza tu kama kuna folda ya `.git` hufia hapo.

Halafu kuna wasiotumia Git kabisa. Kihariri cha Emacs, kwa mfano, kilikuwa na sehemu yake ya kudhibiti matoleo, VC, tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na Git ilizaliwa 2005. Sehemu hiyo ilianza zama za RCS, mfumo mkongwe ambapo kila faili ilikuwa na historia yake peke yake, na hadi leo amri zake zinatakiwa zifanye kazi kwa mifumo mipya na mikongwe. Kiraka kinachoifurahisha Git kinaweza kumwumiza mtu wa Subversion, mfumo mwingine wa aina hiyo, naye hana wa kumsemea isipokuwa mkaguzi.

Sisemi kila kiraka kikae wiki. Kinachosahihisha tahajia kwenye maelezo hukipitisha kabla chai haijapoa.

Yule kijana wa mistari 11 hakukata tamaa, ameleta kiraka kingine, safari hii mistari sita. Kimepita `ng'ombe wawili` bila kujikwaa. Bado kiko kwangu siku ya nne, maana sijakijaribu kwenye hazina ya Subversion. Kwa hesabu yenu, siku zote nne nimepata sifuri.

Mkaguzi wa kujitolea