Shoga yangu, kuhusu bei za duka lako

Tandika, Dar es Salaam

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto, na hongera sana kwa duka. Umeniuliza uongeze shilingi ngapi juu ya bei ya jumla ili upate faida bila majirani wa Kihonda, Morogoro, kukuita mwizi. Asilimia ya kutumia kwa bidhaa zote sina. Nitakwambia ninavyoona hapa dukani na kule Kariakoo, maana jambo hili liko moyoni mwangu siku nyingi.

Faida usiionee haya. Mteja akisikia kilo ya sukari kwa jumla ni 2,600 na wewe unauza 3,000, anadhani 400 yote imeingia mfukoni mwako. Haoni nauli ya guta, kodi ya fremu, umeme wa friji, kodi ya makadirio ya TRA, panya, wala lile daftari la madeni ambalo wengine hawalirudii tena. Hizo zote zinatoka kwenye hiyo 400.

Kinachoniuma ni vipimo vidogo. Chukua mafuta ya kula. Mtaani kwetu lita moja ya kupima ni 6,500, na anayekuja na chupa yake ya lita anauziwa hivyo. Ikifika jioni wanaingia watoto na vikombe: "Mama kasema mafuta ya mia tano." Muuzaji anazamisha kile kikopo chenye mkono mrefu, anakinyanyua upesi, anamimina. Nilipata kukijaribu kikopo cha namna hiyo kwa maji: lita moja inatoa vikopo kumi na sita. Kumi na sita mara mia tano ni 8,000. Kwa hiyo mama ambaye hana hela ya lita ndiye anayelipa 1,500 zaidi kwa mafuta yaleyale, na ndivyo anavyonunua mwaka mzima. Wenzetu wanajitetea kwamba kupima kidogo kidogo kunapoteza muda na mafuta yanaganda kwenye kikopo. Ni kweli kuna upotevu, lakini haufiki 1,500 kwa lita, tusidanganyane. Fidia kinachopotea, ishia hapo. Vivyo hivyo kwa robo ya sukari na unga wa nusu kilo.

Halafu kuna bei za kupanda usiku mmoja. Unakumbuka Januari 2024, mvua zilipozuia kuvuna miwa na viwanda vikasimama? Nyie mna Kilombero na Mtibwa mkoani kwenu, na bado sukari iliadimika. Bodi ya Sukari ikatangaza bei ya rejareja ya kilo kati ya 2,700 na 3,200 kulingana na eneo, huku zipo sehemu watu walikuwa wakinunua 4,000 na zaidi. Hapo mwenye duka ana hoja moja ya haki: mfuko uliopo aliununua kwa bei ya zamani, ila wa kurudishia ataununua kwa bei mpya, na akiuza kwa bei ya zamani mtaji unakatika. Hiyo naikubali kabisa. Nisichokubali ni kwamba jumla ikishuka, hoja hiyo hawaikumbuki tena. Wanasema "huu mzigo niliununua ghali". Basi chagua moja, shoga yangu. Kama unapandisha kwa sababu ya mzigo ujao, shusha pia kwa sababu ya mzigo ujao.

Ukija Kariakoo kufunga mzigo, mawinga watakupokea barabarani kabla hujafika dukani. Winga hana bidhaa; anakupeleka kwa mwenye duka, na juu ya bei ya mali anaweka cha juu chake. Simlaumu kwa kutafuta riziki, tena anakupunguzia kuzunguka. Tatizo ni kwamba hujui ipi ya mali na ipi yake, na kile cha juu kitamfikia mteja wako wa Kihonda. Patana naye malipo yake mapema, bei iulize mwenyewe kwa mwenye duka, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, usiiache.

Petroli nayo ni ghali, ila sijamsikia mtu akimwita mhudumu wa kituo mwizi kwa bei iliyoandikwa pale nje. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo, kila mtu anajua. Sisi wa maduka hatutangaziwi, kwa hiyo tutangaze wenyewe. Chukua boksi, likate, andika kwa maka pen bei ya kilo, nusu na robo, na mafuta ya lita hadi ya mia tano, kisha libandike mbele panaposomeka hata na mtoto aliyetumwa. Mzani uelekeze kwa mteja, uwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Jirani akiona ni ghali, atakuuliza, nawe utamweleza nauli na pango bila kubabaika.

Uliniuliza pia bei ya mchele, ila sijakujibu, kwa sababu huko mnaupata karibu na mashamba na hesabu zangu za Dar hazitakufaa. Nitumie bei ya gunia, nauli mpaka dukani na uzito halisi ulioupima mwenyewe, siyo ule wa kuambiwa. Tuupigie hesabu mchele huo kwenye simu Jumapili jioni.

Shoga yako wa Tandika