Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Umri Uandikwe kwa Mipaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nitabaki kwenye suala lililotawala vikao vyetu mwaka huu: mifupa ikishawekwa mezani, tuandike kwamba marehemu alikuwa na umri gani?

Kwa watoto kazi ni nyepesi kiasi. Meno huota kwa mpangilio, na ncha za mifupa huungana kwa zamu; mtulinga, upande wa kifuani, huchelewa kuliko yote, pengine hadi karibu miaka 30. Ndivyo mtoto aliyezikwa katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, yapata miaka 78,000 iliyopita, alivyokadiriwa kuwa na miaka 2.5 hadi 3, ingawa mifupa yake ilikuwa imeoza mno. Hata hivyo, kijana wa Nariokotome, wa jamii ya kale ya binadamu iitwayo Homo erectus, ambaye mabaki yake yaligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 magharibi mwa Ziwa Turkana, bado anatutoa jasho. Mifupa yake, ikipimwa kwa vipimo vya watu wa leo, yasema miaka kama 13. Mistari ya ukuaji ndani ya meno yasema kama 8.

Kwa watu wazima mambo huharibika. Hapo hatusomi tena ukuaji, tunasoma uchakavu, na watu hawachakai sawa. Mwaka 1920, mwanaanatomia T. Wingate Todd wa Cleveland, Marekani, aligawa mabadiliko ya mfupa wa kinena katika hatua 10. Njia ya Suchey na Brooks ya mwaka 1990, tunayoitumia wengi wetu, ina 6. Sasa tazameni hatua ya mwisho kwa wanaume: miaka 34 hadi 86. Baba na mwanawe wanaingia humo pamoja, na nafasi inabaki!

Kule Spitalfields, London, majeneza yaliyofukuliwa kanisani yalikuwa na vibao vya majina na umri, basi makadirio yakapambanishwa na ukweli. Vijana walikuwa wameongezewa miaka, wazee wamepunguziwa. Watafiti Bocquet-Appel na Masset walikwisha kuonya mwaka 1982 kwamba makadirio huvutwa na umri wa watu ambao mifupa yao ilitumika kutengeneza kipimo.

Kwa hiyo naunga mkono fomu mpya ya kamati ya ufundi: umri wa chini, umri wa juu, njia iliyotumika, na kipimo kilitokana na watu gani. Baadhi yenu mmelalamika kuwa wapelelezi wanataka namba moja. Nawaelewa, lakini siafiki. Tukiandika "45" na mtu aliyepotea, anayetafutwa na familia yake, alikuwa na miaka 58, jalada lake litawekwa kando na familia itaendelea kungoja. Mpaka mpana unaudhi, ila haumfungii mtu nje.

Fomu itapigiwa kura leo baada ya chakula cha mchana. Mwenye marekebisho ampe katibu kwa maandishi kabla ya hapo.